KOFIA YA TRAFIKI NA KOFIA YA KICHWA

(Hotuba iliyosomwa mbele ya wanafunzi wa zamani na wanafunzi wa sasa katika mkutano wetu wa mwaka, Bukoba)



Nilipoombwa kusema maneno machache leo, niliambiwa pia kwamba vijana wa Kidato cha Tatu wameniandalia swali. Lilinifikia limeandikwa vizuri kwenye karatasi, nalo ni hili: mtu asiye na fedha nyingi, anayetaka kuingia katika mashindano ya magari kwa kujifurahisha tu, atachaguaje kofia ngumu iliyo salama na ambayo bei yake ataimudu?

Nimelipenda swali hilo na nitalijibu. Lakini hapana budi niseme mapema kwamba hapa kwetu, kati ya Bukoba na Muleba, wanaoshindana kwa magari ni wachache sana, bali wanaopanda pikipiki ni sisi sote. Mwalimu huenda nayo kazini, mama huenda nayo sokoni Nshamba, mgonjwa huletwa nayo Ndolage au Rubya, na mwanafunzi huletwa nayo shuleni na sanduku lake likiwa limefungwa nyuma. Kwa hiyo nitaanza na gari la mashindano, kama mlivyouliza, na kutoka huko nitashuka mpaka kwenye pikipiki inayowangojeni hapo langoni.

Jambo ninalotaka mwondoke nalo ni moja. Ziko kofia za aina mbili katika nchi hii. Iko kofia ya trafiki, ambayo mtu huinunua ili askari asimsimamishe. Na iko kofia ya kichwa, ambayo mtu huinunua kwa sababu ana kichwa kimoja tu. Kwa macho zinafanana, na wakati mwingine hata bei zake hazipishani sana. Lakini siku ya kuanguka tofauti yake huonekana.

Kwanza tujiulize kofia ngumu hufanya kazi gani. Wengi hudhani kazi yake ni kuwa ngumu, kama sufuria iliyogeuzwa juu ya kichwa. La, sivyo. Ule ugumu wa nje ni nusu tu ya kazi. Kazi yake ni kuzuia kitu chenye ncha kisipenye, na kulitawanya pigo lisitue mahali pamoja. Nusu ya pili, ambayo ndiyo kubwa, imo ndani. Ni tabaka nene la lile povu jeupe lililokaushwa, la namna ile ile ya maboksi meupe yanayotumika kuhifadhia minofu ya sangara. Tabaka hilo huwa na unene wa kama vidole viwili, na limewekwa humo ili lipondeke.

Vijana mnaosoma fizikia mtanielewa upesi. Kichwa kikianguka kutoka urefu wa mita moja na nusu, hufika chini kikiwa na mwendo wa karibu kilomita 20 kwa saa, hata kama pikipiki yenyewe ilikuwa imesimama. Mwendo huo lazima uishe. Swali ni utaisha katika umbali gani. Kichwa kitupu kikigonga lami, huwa kina milimita chache tu za ngozi na nywele za kusimamia. Kichwa chenye kofia nzuri kina milimita kama 30 za povu linalopondeka polepole. Umbali ukiwa mara kumi, nguvu inayoufikia ubongo huwa kama sehemu moja ya kumi. Hapo hakuna uchawi wowote. Ni hesabu ile ile ya mama anayepeleka mayai mjini akiwa ameyapanga katikati ya majani makavu. Majani hayana ugumu wowote, lakini mayai hufika.

Sasa mtaona kwa nini kofia isiyo na povu hilo ndani, hata ikiwa ngumu kama jiwe, haiokoi. Ni sawa na kuyaweka mayai ndani ya debe tupu.

Elimu hii haikupatikana bure. Mwaka 1935 Mwingereza mmoja mashuhuri, T. E. Lawrence, aliyejulikana kama Lawrence wa Arabuni, alianguka na pikipiki yake alipojaribu kuwakwepa wavulana wawili waliokuwa juu ya baiskeli. Hakuwa amevaa kofia. Alilala siku 6 bila fahamu, kisha akafa. Mmoja wa madaktari walioitwa kumtazama alikuwa Hugh Cairns, bingwa wa upasuaji wa ubongo aliyezaliwa Australia. Cairns aliamua kuchunguza vifo vya waendesha pikipiki, hasa askari waliokuwa wakipeleka barua za jeshi, na mwaka 1941 akachapisha alichokiona kwa wale waliovaa kofia na wale wasiovaa. Kabla ya mwaka huo kwisha, jeshi la Uingereza likawaamuru wapanda pikipiki wake wote wavae kofia. Raia wa huko walilazimishwa na sheria baadaye sana, mwaka 1973, mwaka ule ule ambao nchi yetu ilitunga Sheria ya Usalama Barabarani.

Wataalamu wa Chuo Kikuu cha Southern California, Marekani, ndio waliopewa hataza mwaka 1953 kwa kofia yenye tabaka la ndani la kumeza pigo. Na hapa ndipo tunapokutana na watu wa mashindano ya magari. Mwaka 1956, dereva mmoja asiye wa kulipwa, William Snell, ambaye rafiki zake walimwita Pete, alikufa mashindanoni baada ya gari lake kupinduka. Alikuwa amevaa kofia ambayo siku zile ilihesabiwa kuwa nzuri, nayo ikashindwa kumlinda. Mwaka uliofuata, 1957, daktari George Snively na wenzake waliokuwa wakishindana pamoja na marehemu walianzisha taasisi kwa jina lake, kazi yake ikiwa ni kuzipima kofia kwa kuzigongesha, na kuzitia alama zile tu zilizofaulu. Taasisi hiyo ipo mpaka leo. Angalieni basi: hakuwa bingwa wa dunia aliyeifanya dunia ipime kofia. Alikuwa mtu wa kujifurahisha tu, wa namna ile ile mliyoniuliza.

Sisi wa Afrika Mashariki tunayo heshima yetu katika michezo hiyo. Safari Rally ilianza mwaka 1953 ikipita Kenya, Uganda na Tanganyika, na wazee waliomo humu wanalikumbuka jina la Bert Shankland, dereva wa Tanzania aliyeshinda mwaka 1966 na tena mwaka 1967 kwa Peugeot 404. Kijana anayetamani kumfuata huyo leo, jibu langu kwake ni hili.

Kofia ya gari la mashindano si kofia ya pikipiki. Ile ya gari kitambaa chake cha ndani hakishiki moto upesi, kwa sababu gari likipinduka petroli humwagika. Imepimwa pia kwa kugongeshwa kwenye chuma kama zile nguzo zilizomo ndani ya gari la mashindano, na ina mahali pa kufungia kifaa cha kuikinga shingo. Kwa hiyo, kabla hujatoa hata senti moja, wasome waandalizi wa mashindano wanataka alama gani. Alama ya taasisi ya Snell kwa kofia za magari huanza na herufi SA, na zile za pikipiki huanza na M. Shirikisho la kimataifa la michezo ya magari, FIA, lina kiwango chake chenye namba 8859, kilichowekwa kwa madereva wa kawaida wasioweza kununua kofia za mabingwa. Alama ikiwapo na kofia ikikukaa sawasawa, chukua ile ya bei ndogo. Fedha zinazozidi hapo nyingi huenda kwenye rangi, wepesi na jina la mwenye kiwanda. Hilo ndilo jibu la swali lenu, na mambo ya kukaa sawasawa nitayaeleza sasa hivi, maana ni yale yale kwa gari na kwa pikipiki.

Ndugu Mwenyekiti, sasa niruhusu niteremke barabarani.

Kwa miaka mingi nilikuwa mganga katika wodi za majeruhi mkoani humu. Tangu kanuni za mwaka 2010 zilipozitambua pikipiki kuwa chombo halali cha kubebea abiria kwa malipo, biashara hii imewapa vijana wetu ugali, na imewapa wengi wao jeneza. Sitaki mtu adhani kwamba naidharau kazi hiyo. Wapo waliokaa katika madawati haya ambao leo wanasomesha wadogo zao kwa bodaboda, tena kwa jasho halali.

Siku moja aliletwa kijana mmoja kutoka upande wa Muleba. Alikuwa ameteleza kwenye kona wakati wa mvua, si kwa mwendo mkubwa. Mjomba wake aliingia naye wodini akiwa amebeba kofia ya yule kijana mkononi, akaniambia kwa sauti ya mtu anayemshukuru Mungu, "Mganga, tazama, hata kofia yake haikuvunjika." Nikaitazama. Kweli haikuwa na mkwaruzo. Ilikuwa imening'inia kwenye usukani. Kijana yule hakufa. Alikuwa na sifa kijijini kwao ya kupiga hesabu za kahawa kichwani, magunia, kilo na fedha, bila kalamu wala karatasi. Leo mama yake humfunga vifungo vya shati.

Ukienda sasa hivi kwenye vijiwe vya Rwamishenye, Kashai au Kemondo utaziona kofia hizo. Nyingine zimening'inia kwenye usukani. Nyingine zimevaliwa lakini mkanda haukufungwa. Nyingine mkanda ulikwisha katika, umefungwa kwa kamba ya katani. Nyingine ni kofia za mafundi ujenzi, ambazo zilitengenezwa kumkinga mtu na tofali linalodondoka kutoka juu, si kumkinga mtu anayerushwa kutoka kwenye chombo kinachokimbia. Na nyingine, ukizishika ndani, utakuta plastiki, kisha sponji laini kama ya godoro, basi. Hizo zote ni kofia za trafiki. Askari akiwa mbali anaona kitu cha duara kichwani, anaruhusu chombo kipite. Lakini lami haitazami kwa mbali.

Sasa, mtu mwenye fedha kidogo atachaguaje? Mkulima wa kahawa anajua kwamba mnunuzi mwerevu hatazami gunia. Hutia mkono ndani, akatoa punje, akaitazama, akaiuma. Na sisi tufanye hivyo hivyo dukani.

Kwanza, tia mkono ndani. Pekua kile kitambaa cha ndani na utafute povu gumu. Libonyeze kwa kidole gumba. Liwe gumu, lisididimie kama sponji, na liwe limezunguka kote: kwenye paji la uso, pembeni juu ya masikio, na kisogoni. Usipolikuta, irudishe kofia hiyo rafuni, hata muuzaji akikupunguzia bei mpaka nusu.

Pili, tafuta alama. Alama inayoaminika zaidi ni ile ya Umoja wa Mataifa: herufi E ndani ya duara, pamoja na namba ya nchi iliyotoa kibali, na kando yake namba ndefu inayoanza na 05 au 06. Kwa kawaida imeshonwa kwenye mkanda wa kidevuni. Katika kipimo cha 05 kofia huangushwa kwa mwendo wa mita 7.5 kwa sekunde, yaani karibu kilomita 27 kwa saa, juu ya chuma bapa na juu ya chuma chenye umbo la ukingo wa barabara. Kile cha 06 kimeongeza vipimo vingine, pamoja na cha pigo la mshazari. Kofia za India huwa na alama ya ISI yenye namba IS 4151, na za Marekani huwa na neno DOT kisogoni. Hapa kwetu tazama pia alama ya Shirika la Viwango, TBS. Lakini kumbukeni kwamba karatasi ya kubandika huweza kubandikwa na mtu yeyote. Alama bila povu ni uongo. Ndiyo maana nimetanguliza mkono, macho yakafuata.

Tatu, pima kichwa chako. Chukua futi ya fundi cherehani, izungushe juu kidogo ya nyusi na kwenye sehemu ya kisogo iliyotokeza zaidi. Ukipata sentimita 57 au 58, kwa viwanda vingi hiyo ni saizi M. Sentimita 59 au 60 ni L. Kisha ivae. Kofia mpya ikubane mashavu kidogo, bila kukuumiza paji la uso. Ishike kwa mikono miwili uizungushe kushoto na kulia: ngozi ya uso ifuatane nayo. Ikizunguka peke yake kama chungu juu ya kata, ni kubwa mno.

Nne, jaribu mkanda. Uwe umeshikwa na ribiti kwenye gamba lenyewe, si kwenye kitambaa. Ufunge, ubaki na nafasi ya vidole viwili tu chini ya kidevu. Kisha mwambie mwenzako aishike kofia kisogoni na kuisukuma juu na mbele. Ikikutoka kichwani dukani, barabarani itatangulia kabla yako. Kofia isiyofungwa mkanda ni mzigo tu uliobebwa kichwani.

Tano, tazama kioo chake. Kisiwe na mikwaruzo wala rangi nyeusi kama utaendesha usiku. Na kama fedha zinatosha, chukua ile inayofunika mpaka kidevuni. Uchunguzi mmoja uliofanywa Ujerumani ulionyesha kwamba karibu theluthi moja ya mapigo yalitua sehemu ya mbele, usoni na kidevuni, ambako kofia ya wazi haina kitu.

Mtaniuliza, "Mganga, kofia ya namna hiyo si ya matajiri?" Sivyo. Serikali ya Uingereza imekuwa na mpango uitwao SHARP tangu mwaka 2007, ambao huzinunua kofia madukani, huzigongesha, kisha huzipa nyota kuanzia moja hadi tano. Wameona mara nyingi kofia za bei ndogo zikipata nyota nyingi kuliko za bei kubwa. Na lile shirikisho la magari, FIA, lilipokuwa chini ya Jean Todt, ambaye pia alikuwa mjumbe maalumu wa Umoja wa Mataifa wa usalama barabarani, lilianzisha mpango wa kofia inayofikia kipimo cha Umoja wa Mataifa kwa bei isiyozidi dola 20 za Kimarekani, kwa ajili ya nchi kama zetu. Yaani elimu iliyoanza na kifo cha Pete Snell imefika mahali ambapo mpanda bodaboda anaweza kuinunua. Kwa hiyo bei si ukuta. Ukuta ni kutojua, na mazoea.

Yapo pia maneno ya vijiweni ambayo lazima yajibiwe. La kwanza ni hili: "Nikianguka nikiwa na mwendo wa 80, kofia ya kilomita 27 itanisaidia nini?" Jibu ni kwamba mtu anayeanguka mara nyingi huteleza mbele kwa ule mwendo wa 80, lakini kichwa huishukia lami kwa mwendo wa kuanguka tu, na huo ndio kofia inaouvunja. Ukigonga nguzo au lori ana kwa ana, hilo ni jambo jingine, na hakuna kofia duniani ya kukuahidi kitu. Kofia haikingi mguu, wala haimpi akili mtu aliyekunywa lubisi. Inapunguza hatari. Uchambuzi wa mwaka 2008 uliokusanya tafiti nyingi za nchi mbalimbali ulionyesha kwamba hupunguza vifo kwa asilimia 42 na majeraha ya kichwa kwa asilimia 69. Mkulima gani angekataa dawa ya migomba yenye nguvu hiyo?

La pili ni la abiria: "Siwezi kuvaa jasho la watu." Hapo abiria ana haki yake, na hasa kina mama waliosuka nywele. Dawa yake si kuacha kofia. Ni abiria kutembea na kitambaa chake chepesi cha kufunga kichwani kwanza, na mwendesha pikipiki kuifua kofia ya abiria kwa maji ya uvuguvugu na sabuni ya kawaida, akaianika kivulini.

Nasema sabuni ya kawaida kwa sababu maalumu. Petroli, thina na rangi za kupuliza huliyeyusha lile povu na kulidhoofisha gamba. Kwa hiyo usiisafishe kofia kwa petroli, usiiweke juu ya chupa ya mafuta, usiipake rangi. Kofia ikishapata pigo moja kubwa kichwani mwa mtu, imemaliza kazi yake. Povu lililopondeka halirudi, hata kama nje inang'aa. Ndiyo sababu pia nakataza kofia za mitumba: huijui historia yake. Na hata isipoanguka, ikifika miaka mitano ya jua na jasho, ibadilishe.

Ndugu Mwenyekiti, sasa nafika kwenye neno ambalo huenda halitawapendeza wote. Tunapozungumza juu ya bodaboda, hupenda kuwalaumu vijana. Lakini pikipiki nyingi wanazoendesha si zao. Zina matajiri, na matajiri hao, waitu, tumo humu. Wako walimu, makarani, mapadre na wachungaji, wastaafu kama mimi. Mtu hupokea kiinua mgongo, hununua pikipiki mbili, humpa kijana wa jirani, na kila jioni hungojea hesabu. Tairi likiisha tunalinunua, maana pikipiki ikilala hesabu nayo inalala. Oili tunaikumbuka. Kofia tunamwachia kijana atafute mwenyewe, naye hutafuta ile ya kumpitisha kwa trafiki.

Niliwahi kulisema hili mbele ya wenzangu, na mmoja akanijibu kwamba ukimpa kijana kofia nzuri ataiuza. Inawezekana. Lakini pikipiki yenyewe ina thamani kubwa zaidi, na tunampa. Tuliandikiana naye mkataba, basi kofia iingie humo humo. Iandikwe namba ya pikipiki kwenye mkanda wake, si kwenye gamba, na ikaguliwe siku ile ile ya kukagua breki.

Napendekeza kwa chama chetu mambo matatu. La kwanza, mwanachama yeyote asimkabidhi kijana pikipiki bila kofia mbili za kichwa, moja ya dereva na moja ya abiria. La pili, tuchange na kuzinunua kwa pamoja, ili muuzaji atuletee kwanza mifano hapa shuleni, na vijana wa fizikia wazikague kwa yale matano niliyoyataja kabla Mwekahazina hajatoa fedha. La tatu, kofia ikipata pigo, mpya inunuliwe na mwenye chombo, wala isikatwe kwenye hesabu ya kijana. Tukimkata, ataificha ile iliyopondeka na kuendelea kuivaa.

Atakayesema mambo haya ni gharama, nampa hesabu nyingine. Mgonjwa wa kichwa akipewa rufaa ya Bugando, wanaokwenda naye ni wawili au watatu. Shamba la migomba hubaki bila mtu, kahawa huvunwa na mwingine, ng'ombe huuzwa. Halafu mara nyingi anayerudi si yule aliyekwenda. Sijaona familia ambayo ililipa gharama ya kofia ikafilisika. Zilizofilisika kwa kukosa kofia nimeziona.

Nanyi vijana, likizo inakaribia, na wengi wenu mtaondoka hapa kwa pikipiki kuelekea Muhutwe, Kamachumu, Rubya na kwingineko. Hamna fedha za kununua kofia, lakini mdomo mnao. Mwambieni dereva kwa heshima, "Kaka, naomba kofia." Akikupa, tia mkono ndani kwanza. Ikiwa ni sponji tupu, mwambie, na mtafute mwenzake aliye na nzuri. Abiria wawili watatu wakimpita kijana mmoja asubuhi moja kwa sababu ya kofia yake, mchana ataitafuta ya kweli, kwa maana anajua biashara kuliko sisi. Na msikubali kupandishwa mishikaki, kwa maana pikipiki yenye abiria watatu haina kofia ya watatu.

Wenye maswali nimekuja na kofia mbili, zote nimezinunua hapa hapa mjini kwa fedha yangu, moja ya trafiki na moja ya kichwa. Nimezipasua katikati kwa msumeno, na ziko juu ya meza ya Mwekahazina. Njooni mtie mikono.